Painti ya Mwalimu Idda na Maziwa Yasiyotimia

“Mama Dionis, mimi sijakuita mwizi. Nimesema maziwa hayatoshi.”

“Na tofauti iko wapi? Nionyeshe hiyo tofauti, hata kwa kidole.”

“Tofauti anaijua aliyekamua.”

“Haya! Mmesikia wenyewe? Mmesikia?”

Wamesikia, bila shaka. Ni saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, kando ya barabara inayotoka Njombe kwenda Makambako. Ukungu wa Julai bado umekaa juu ya miti ya miwati na nyasi zimeganda, lakini hakuna aliyebaki jikoni kuota moto. Watu kumi na tano wamekwisha kusimama kwenye uzio wa matete, na waliosema wanapita tu wametua mizigo yao chini.

Upande huu wa uzio yuko Dorika, mama wa Ema na mke wa Mzee Methusela, mzee wa kanisa la Kilutheri. Upande wa pili yuko Letisia, Mkatoliki, mama wa Dionis, mwenye ng’ombe watatu wa maziwa. Katikati yao, juu ya kisiki, imesimamishwa mbeta: kipande cha mwanzi chenye kitako cha fundo lake chenyewe, aina ile ile ambayo wagema wa huku hukingia ulanzi, pombe ya mwanzi. Hii ya Dorika haijui ulanzi. Imesuguliwa kwa mchanga na majivu na kazi yake ni maziwa.

“Mwiteni Mwalimu,” anasema mtu. “Yeye ndiye aliyeyaanzisha haya.”

Mwalimu Idda Mligo anakuja akiwa amevaa sweta la kijani lililoisha viwiko, na mkononi ana kopo la bati lisilo na mpini. Ana umri wa miaka ishirini na sita. Anafundisha hesabu darasa la nne katika shule ya misheni hapo juu kilimani, watoto arobaini na watatu, kwa mshahara wa shilingi mia na kumi kwa mwezi. Kopo lile ndilo painti ya shule. Shule nzima haina nyingine.

Anawasalimia wote kwa zamu, hasahau hata bibi kizee aliyekaa juu ya kinu. Kisha anainua mbeta na kumimina maziwa kwenye painti, taratibu, mpaka ukingoni. Painti ya kwanza inajaa. Anaihamishia kwenye chungu cha Dorika. Painti ya pili haijai. Inakomea chini ya ukingo, robo nzima ikiwa tupu.

“Moja na robo tatu,” anasema Mwalimu.

“Nilisemaje?” Dorika anawageukia watazamaji.

“Ngoja, Mama Ema.” Mwalimu anaomba maji. Anaijaza mbeta ile ile maji hadi mdomoni, anapima tena. Painti ya kwanza inajaa. Painti ya pili inajaa, na tone la mwisho linaning’inia kwenye mdomo wa mwanzi.

Mbeta haina kosa. Painti haina kosa. Lakini maziwa yaliyotoka kwa Letisia yakiwa mbeta kamili yamefika kwa Dorika yakiwa pungufu, na kati ya nyumba hizo mbili hapana hata hatua hamsini.

“Mwalimu,” anauliza Letisia, na sasa sauti yake imeshuka, “kwa hiyo mimi ni mwizi?”

Mwalimu Idda anaiangalia mbeta, anaiangalia painti. “Sijui, mama,” anasema. “Yaani, hapana, si mwizi. Lakini sijui.”

Katika kijiji ambacho mwalimu ndiye mtu wa kujua, neno hilo moja, sijui, lilifika mtoni kabla yake.

Chanzo cha mambo ni somo la vipimo vya vimiminika. Darasa la nne hufanya mtihani mwezi wa Novemba, na mwenye kushinda ndiye anayeendelea na shule ya kati. Katika mtihani huo yapo maswali ya painti, kwoti na galoni. Watoto wa hapa huimba vizuri sana: painti mbili kwoti moja, kwoti nne galoni moja, galoni nne debe moja. Wanaimba wakichunga, wanaimba wakichota maji.

“Nikagundua wanaimba tu,” anasema Mwalimu Idda. “Nilimwuliza mmoja, galoni ni kubwa au ndogo kuliko kichwa chako? Akasema, Mwalimu, galoni sijawahi kukutana nayo.”

Mwenyewe alizaliwa Kidugala, binti wa mfyatua matofali. “Baba alijua maji ya udongo kwa kuangalia tu. Alisema mimina, nikamimina. Alisema basi, nikaacha. Mimi macho yake sikurithi. Nikimsaidia, matofali yalipasuka. Ndiyo maana nikapenda kipimo, kwa sababu kipimo kinamsaidia asiye na macho ya baba yake.”

Mwaka jana alidandia lori la magome ya miwati mpaka Makambako, baada ya kusikia kuwa kuna duka la mafuta ya taa linalobadilisha vyombo. Akarudi na painti kuukuu iliyokatika mpini, lakini muhuri wa taji, alama ya serikali ya kipimo halali, ungali juu ya bati. Aliichemsha mara sita, na bado siku za joto inakumbuka mafuta ya taa.

Painti moja kwa watoto arobaini na watatu. Akamwendea Odilo, mume wa Letisia, mgema. Msimu wa ulanzi ulikuwa umekwisha na mbeta zake zilikuwa zimelala darini. Odilo akampa kumi na mbili. Mwalimu na watoto wakazikata kwa msumeno wa Odilo, wakijaza maji na kupunguza kidogo kidogo, mpaka kila moja ikawa painti kamili.

“Mbeta zangu zimesoma kuliko mimi,” Odilo anasema akicheka. “Mimi shule niliishia mlangoni.”

Watoto walifurahi. Wazee wa kanisa hawakufurahi. Mbeta hata ukiisugua vipi haiachi harufu, na mmoja wao alipopita dirishani akasema darasa la nne linanuka kama kilabu. Neno likasafiri. Mpaka lilipofika kwa wanawake wa kisimani, Mwalimu Idda alikuwa anawapa watoto ulanzi saa nne badala ya uji.

Hilo lingepita. Lakini Mwalimu alitoa kazi ya nyumbani: kila mtoto, akipokezana mbeta za darasani na wenzake, akapime kitu kimoja kwao kwa siku saba, aandike. Mmoja alipima maji ya kunawa ya babu yake. Mwingine alipima uji. Ema, binti wa Dorika na Mzee Methusela, msichana wa miaka kumi na mbili mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alipima maziwa.

Kwa miaka minne Dorika alikuwa akichukua mbeta moja ya maziwa kwa Letisia kila asubuhi, naye kila Jumamosi akimpelekea debe la viazi. Hakuna aliyepima. Mbeta ilikuwa mbeta, debe lilikuwa debe.

Daftari la Ema likayavuruga. Jumatatu: painti moja na robo tatu. Jumanne: moja na robo tatu. Jumatano: moja na nusu, na kidogo. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi: hivyo hivyo. Jumapili: painti mbili kamili.

“Jumapili!” anasema Dorika, akipiga makofi. “Jumapili anamwogopa Mungu. Siku nyingine Mungu hayupo?”

Letisia hakukaa kimya. Alimfuata Mwalimu mpaka shuleni, akasimama mlangoni mbele ya watoto. “Kama ni kupima, tupime vyote. Debe lake la viazi analijaza viazi vikubwa kama vichwa vya watoto. Kati ya kiazi na kiazi unapita mkono. Lile tundu nalo ni viazi? Niambie, Mwalimu, debe la viazi lina painti ngapi?”

Watoto walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Mwalimu hakucheka. “Kitabu kinasema debe ni galoni nne,” anakumbuka. “Galoni nne za maji. Za viazi hakikusema. Nilisimama na chaki mkononi, nikaona ubao umekuwa mkubwa sana.”

Kadhia ilipofika nyumbani kwa Mzee Methusela ikawa jambo jingine, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni mtu mrefu, msafi, asiyependa kelele, na sasa kelele zilikuwa kitandani kwake na uani kwake.

“Mtoto nilimpeleka shule akasome Biblia na hesabu,” anasema. “Sikumpeleka awe askari wa jikoni. Nikiamka nasikia painti. Nikila nasikia robo. Juzi mke wangu amepima chai yangu.”

Kamati ilipangwa kukutana Jumatatu. Shauri lilikuwa moja: Mwalimu Idda atolewe darasa la nne, apewe wasichana wa ushonaji, na watoto wake waunganishwe na darasa la tatu chini ya mwalimu mwingine. Miezi minne kabla ya mtihani.

“Kushona najua,” anasema Mwalimu. “Si aibu kushona. Lakini hawa arobaini na watatu wamefika katikati ya mto. Nikiondoka leo wanabaki na wimbo tu. Wataimba kwenye mtihani?”

Jumamosi ile, baada ya watu kutawanyika kutoka kwenye uzio, alirudi katika chumba chake. Akapima painti kwa chupa, akapima chupa kwa painti. Akajaza mbeta maji na kuiacha saa nzima, aone kama mwanzi unakunywa. Haukunywa cha kuonekana. Akaufikiria ushuhuda wa Jumapili. Alimwamini Ema, kwa sababu Ema ni mtoto anayefuta mstari mzima akikosea herufi moja. Alimwamini pia Letisia.

“Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa,” anasema. “Ingekuwa mmoja wao ni mwongo, hesabu ingekuwa rahisi.”

Saa kumi jioni alivaa viatu, akaenda kwa Mzee Methusela.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umeleta painti tena?”

“Nimeileta. Naomba mje wote tukaangalie ng’ombe akikamuliwa. Kesho kutwa mtanihukumu kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona, wala mimi.”

Mzee alitazama juu, akatazama chini, akachukua kofia. Dorika alifuata akiwa amekunja mikono, Ema nyuma yake na daftari. Kufika zizini wakakuta Letisia ameshamfunga ng’ombe miguu. Kwa kuwa habari hapa zina miguu minne, majirani nao walikuwa wameshafika na wengine wamekalia kuni za Odilo.

“Kamwene,” Letisia akawasalimia kwa Kibena, kwa shingo iliyokakamaa. “Karibuni kumtazama mwizi akiiba.”

“Kamua kama unavyokamua kila siku, mama,” Mwalimu akamwambia. “Usiongeze, usipunguze.”

Letisia akachukua mbeta ya Dorika, akaibana magotini, akakamua moja kwa moja ndani yake. Hiyo ndiyo desturi. Maziwa ya jirani hayapitishwi kwenye chungu cha nyumbani. Yanatoka kwenye chuchu na kuingia kwenye chombo chake mwenyewe, yakiwa ya moto, ili asidhani amepewa yaliyoenguliwa. Ni heshima. Maziwa yalipiga kuta za mwanzi kwa nguvu, fyu, fyu, na muda si mrefu weupe ukatokeza mdomoni mwa mbeta.

“Imejaa,” akasema Letisia, akaifunika kwa jani kama siku zote. “Nani hajaona?”

Wote waliona. Dorika mwenyewe alisema imejaa.

“Naomba nifunue,” akasema Mwalimu.

Akafunua, akaiweka mbeta chini, akachuchumaa mbele yake. Watu wakachuchumaa naye. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ule weupe ukaanza kupasuka, kipovu hiki, kipovu kile, kwa sauti ndogo kama ya moto unaowaka mbali. Ukashuka kidogo. Ukashuka tena. Bibi kizee wa kwenye kinu akasema, “Yanakwenda wapi?” Baada ya muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai, maziwa yalikuwa yametulia vidole viwili chini ya mdomo.

Mwalimu akapima. Painti moja na robo tatu.

“Povu,” akasema Ema, polepole, kama anayesoma neno ubaoni.

“Na Jumapili?” akauliza Mzee Methusela.

Letisia alikuwa amefungua mdomo muda mrefu. “Jumapili nakamua alfajiri niwahi misa,” akasema. “Nakamulia kwenye chungu. Ema anakuja mkitoka kanisani kwenu, yameshapoa. Namchotea.”

“Yameshatulia,” akasema Mwalimu.

Dorika alikaa juu ya kuni. “Kwa hiyo aliyenipa maziwa kwa heshima alinipunja,” akasema, “na aliyenichotea ya chunguni, ambayo ningeyakataa, ndiye aliyenipa yote? Mama Dionis, ni wewe yule yule?”

“Ni mimi yule yule.”

“Mbona sielewi?”

“Hata mimi. Miaka minne mimi nakupa mbeta nzima, na nyumbani kwako inafika pungufu. Nimekupa nini hiyo robo? Si nimekupa kitu? Uliona kimejaa!”

“Upepo,” akadakia Odilo. “Na yeye kwenye debe la viazi alikuwa anakupa upepo. Mmekuwa mnabadilishana upepo kila wiki.”

Zizi lote lilicheka, hata ng’ombe akageuza shingo. Lakini kicheko kilipokwisha, Mzee Methusela alikuwa bado hajacheka. Alimtazama Mwalimu kwa macho ya mtu anayetaka jibu la kupeleka mahali.

“Mwalimu. Mtoto akiulizwa kwenye mtihani, mbeta hii iliyojaa ni painti ngapi, aseme mbili au aseme moja na robo tatu? Povu ni maziwa au si maziwa?”

Ilikuwa nafasi yake ya kujiokoa, na alijua. Angeweza kusema lolote. Hakuna pale ambaye angebisha.

“Mzee, sijui niseme nini kuhusu povu,” akajibu. “Limetoka kwenye maziwa, likiondoka linakuwa maziwa kidogo. Ninachokijua ni kosa langu. Niliwafundisha kwa maji. Maji ya mtoni hayana povu, ukijaza yamejaa. Nikawaambia kujaa ni kujaa, nikawatuma nyumbani wakapime vitu ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuvipima. Nimewagombanisha kwa maji.”

Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

“Jumatatu watanitaka nieleze,” akasema. “Nitawaambia nilikwenda nikaona kwa macho yangu, na sikuelewa. Nitawaambia mke wangu hakuelewa, na mwenye ng’ombe hakuelewa, na Mwalimu alielewa nusu na akakiri nusu nyingine. Sasa mtu asiyeelewa atamtoaje darasani yule aliyeelewa nusu? Tutabaki na nani?” Akatikisa kichwa. “Abaki mpaka mtihani. Lakini hizo mbeta, Mwalimu, zianikwe juani. Harufu ile kwa kweli hapana.”

“Zitaanikwa, mzee.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kamati ilikutana Jumatatu kwa dakika ishirini, na inasemekana kumi na tano kati ya hizo wazee walibishana kama povu lihesabiwe. Hawakufikia mwisho. Walifikia kwamba Mwalimu Idda abaki darasa la nne.

Wiki hii ukipita nje ya darasa hilo husikii wimbo sana. Unasikia ubishi. Juu ya meza kuna maji, uji, asali ya kuazima, na debe lililojazwa viazi vikubwa upande mmoja wa chumba na jingine lililojazwa viazi vidogo upande wa pili. Watoto wanamimina maji juu ya viazi kwa painti, wakihesabu ni painti ngapi zinaingia kwenye matundu. Jibu limetofautiana mara tatu. Mwalimu ameyaandika majibu yote matatu ubaoni, na hajafuta hata moja.

“Natamani Novemba watoto ishirini washinde,” anasema. “Ishirini si wengi, lakini mwaka jana walikuwa tisa. Mimi mwenyewe nataka niombe kurudi chuoni, nipande daraja, maana wananiuliza maswali yanayonipita urefu. Na kabla ya hapo nataka painti ya pili. Hii moja ikigongwa na mtoto ikabonyea, sote tutakuwa tunasema uongo bila kujua.”

Anasema hayo Jumamosi asubuhi, akiwa kwenye uzio wa matete, alikokuja kumrudishia Odilo msumeno. Dorika naye yupo, ameleta debe lake la viazi, na safari hii viazi vidogo amevishindilia kati ya vikubwa mpaka debe limemshinda kubeba peke yake. Kwa Letisia mlango uko wazi na moshi wa jikoni unatoka na harufu ya maharage yaliyotiwa maziwa. Ndani zinasikika sauti za watu wengi kuliko nyumba inavyoweza kubeba.

Mwalimu anaaga. Anasema ana madaftari ya kusahihisha.

“Madaftari yatakula?” Letisia anatokea mlangoni, mwiko mkononi. “Mama Ema, hebu mshike huyo mkono asikimbie. Na wewe mwenyewe usijifanye unapita. Odilo, sogea na gunia lako watu wakae. Ingieni, ugali umeshatua mezani.”